Kipimo cha Vinko

Kijiwe chetu hapa Slavonia, mashariki mwa Kroatia, ni benchi mbele ya duka la Mandica, na kahawa tunainywa asubuhi, tukisubiri umande ukauke shambani. Jumanne ile tulikuwa watatu: mimi, Spana anayejifanya fundi, na Waziri, ambaye hajawahi kukosa jibu la jambo lolote. Jagoda akatufuata. Mumewe, Vinko, tulimzika Februari. Jagoda alitaka kujua kwa nini lusini, majani ya kulishia ng'ombe, aliyoikata Alhamisi iliyopita ilikuwa bado mbichi. Mashine yake hukata majani, kisha huyapitisha kati ya rola mbili ziyavunje mabua, yakauke upesi. Sasa mabua yalikuwa yanatoka mazima, na mvua ilitabiriwa Jumamosi.

Spana alisema springi zimechoka. Waziri akalaumu trekta, akahamia kwenye mwezi, mwishowe akadai mbegu ya mwaka huu ni kaidi tangu dukani.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akamalizia.

— Nani ainame, mimi au lusini? Jagoda akamuuliza.

Waziri akanywa kahawa.

— Shemeji zangu, Jagoda akaendelea, Vinko alizifungua hizo rola abadilishe beringi, akafariki hajazirudisha. Nimezirudisha mwenyewe. Niambieni kitu kimoja tu: nafasi kati yake iwe upana gani?

Miaka ishirini na sita, kila Mei, Vinko ndiye aliyeturekebishia mashine zetu sote. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza kipimo.

Spana akaweka kikombe chini.

— Shemeji, mashine yangu haijaguswa tangu Vinko aishike.

Tukaenda kwa Spana. Injini ikiwa imezimwa, Jagoda aliviringisha foili ya jikoni, akaiingiza kati ya rola, nasi tukazizungusha kwa mkono. Ikatoka bapa. Tukaipima unene: milimita tatu. Tukazifunga rola za Jagoda vivyo hivyo, kushoto na kulia, Waziri akishika spana.

Mchana Jagoda akakata kipande cha shamba kilichobaki. Mabua yalitoka yamevunjika, majani yake madogo yakiwa bado yameshikilia. Ijumaa jioni tulimsaidia kupakia mzigo wa mwisho, mkavu, wenye harufu ya chai. Jagoda akasimama kando ya tela, akaikumbatia lusini kifuani.

— Kila mwaka nilimwuliza ni upana gani, akasema. Ananijibu, "Kiasi tu, mama." Kumbe kiasi chenyewe ni milimita tatu.