Ukumbi Usiokuwepo

Treni ilipoiacha Ifakara, Beatus alimwamkia mama aliyeketi mbele yake, kisha kwa madaha akamwonyesha kwenye simu tovuti inayowaelekeza wasio na makazi mahali pa kujihifadhi.

“Hiyo naijua,” mama alisema. “Mafuriko yalipobomoa nyumba yetu, binti yangu aliifungua. Ikatuambia kuna ukumbi. Tulikwenda kwa miguu kutwa nzima, mama mkwe nimembeba mgongoni. Tukakuta ghala la mpunga, lina kufuli.”

“Mkalala wapi?”

“Barazani, mvua ikitupiga. Mama mkwe alianza kukohoa pale pale. Hatukukaa naye wiki, tukamzika.”

Beatus aliiteremsha simu mapajani. Ukumbi ule aliuokota kwenye ramani. Hakwenda kuuona, wala hakumpigia mtu simu.

“Aliyeitengeneza ni nani, mwanangu?”

Angeweza kusema hajui. “Ni mimi, mama. Nisamehe.”

Mama hakumkemea. “Basi pafute sasa hivi. Jana mvua ilinyesha tena, huenda kuna watu njiani.”

Alikosea nywila mara mbili kabla ya kuufuta ukumbi ule. Alipoinua macho, treni ilikuwa imesimama Chita, na mama ameshashuka bila kumuaga.