Kigauni cha Unesi

Katika basi la Iringa kwenda Mbeya, Sekela alimenya chungwa huku masikio yote yakiwa kwenye kiti cha mbele. Bwana Shomari, mwenye kanzu, alishika barua aliyoiandika kumkatalia bintiye kusomea unesi.

“Mtoto wa Kiislamu avae kigauni cha Kizungu, miguu nje!” alimlalamikia mama wa baibui aliyekaa karibu naye.

“Sawa, bwana. Na mkeo akishikwa na uchungu, umwite nani? Daktari wa Kizungu mwenye ndevu?”

“Astaghafirullahi!”

“Basi shauri yako.”

Shomari akaitazama barua. Sekela alikuwa bado hajalionja chungwa.

Basi liliposimama Nyololo, Shomari aliikunja barua, akauliza kwa sauti ndogo, “Hicho kigauni, mama, hakirefushwi kidogo?”