Harufu ya Mayai Viza Fungateni

...na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikimnong'oneza Dada Blessing niliyeketi naye kabla sijaitwa hapa mbele, siku hizi mimi naona harufu ya mayai viza ni tamu kuliko asumini! Mheshimiwa mgeni rasmi; wazee wetu, shikamooni; wauguzi, nanyi ndugu zetu mnaoendelea na tiba, nawasalimu kwa furaha ya bibi harusi ambaye hina yake haijafutika.

Tumekuja kumuaga Dakta Ernesti, anayehamia kule milimani Amani. Ndiye aliyempa mume wangu Maulid vidonge vya antioksidanti, vya kuusaidia mwili kupambana na sumu ya kokeini na, pengine, kupunguza ile hamu. Nasema pengine kwa sababu dakta ananikazia macho. Yeye hata sifa huzipima kama dozi! "Utafiti bado unaendelea, Khairat." Haya, nimesikia. Lakini vidonge hivyo, mbona vinanuka mayai viza vile?

Maulid alinieleza mimi yote kabla ya nikaha. Somo yangu aliyenifunda, Bi Mwamvua, hakuelezwa. Siku ya tatu ya fungate akaingia na chetezo cha udi, akanusa, akakuta kichupa chini ya mto. "Mwanangu, mmerogwa!" Kabla sijafungua mdomo, vidonge vyote vimo chooni.

Mnacheka. Sisi hatukucheka. Maulid alikaa kitandani, akasema, "Bi Mwamvua, ile ni dawa yangu ya kuacha kokeini. Nikiikosa naogopa nitarudi kule kule." Nani angemlaumu somo kama angenifungia virago pale pale? Na sisi maharusi, fungate ilikuwa haijaisha, haturuhusiwi hata kuchungulia uani!

Bi Mwamvua alivaa buibui, akapanda bodaboda kutoka kwetu Moa mpaka hapa mjini. Nawe dakta, ukadhani mgonjwa ni yeye: "Umelala? Umekula? Umetamani?"

"Nimetamani kukuchapa! Nipe dawa ya mkwe wangu."

Alirudi na kichupa kipya, na tangu hapo, kila asubuhi anatugongea mlango: "Baba, umeshakula mayai yako?"

Mtazameni Maulid wangu pale, anaona haya, mzuri kama mwezi wa kumi na nne! Dakta, ulinitunzia mume kabla sijamjua. Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Nenda salama, ila usidhani umetukimbia: kabla mwezi huu haujaisha tutapanda Amani sote watatu, Bi Mwamvua mbele na trei ya mayai, na safari hii hayatanuka.