Mama Mmoja wa Kihanga

POSTA: Bukoba hapa. Karagwe, mtu wako amepatikana. Semeni.

RWEZAURA: Haloo? Haloo, nani huko Karagwe?

AULERIA: (Waya unakoroma.) Ni mimi.

RWEZAURA: Mimi nani? Sauti iko mbali, sema karibu na—

AULERIA: Mama yako. Auleria.

RWEZAURA: Mama? Shikamoo, mama.

AULERIA: Marahaba, baba. Umeamkaje huko?

RWEZAURA: Salama tu. Lakini wewe na simu tangu lini? Wewe ambaye redio ya padri ikikohoa unafanya ishara ya msalaba. Nimeitwa mbio kutoka kwenye chai, nikajua ni msiba.

AULERIA: Hakuna aliyekufa.

RWEZAURA: Afadhali. Uko wapi?

AULERIA: Kwenye ghala la kahawa. Karani Placidius ameniunganishia, kisha akatoka nje.

RWEZAURA: Amekupa kiti lakini?

AULERIA: Amenipa. Kwanza alikitandika gunia.

RWEZAURA: Ndiyo adabu hiyo. Placidius kalelewa.

AULERIA: Wiki iliyopita nilikaa kiti hichohicho bila gunia.

RWEZAURA: Sijakuelewa, mama.

AULERIA: Utaelewa. Niambie kwanza habari za kazi yako.

RWEZAURA: Hee, hata mimi nilitaka uniulize. Juzi tumesema, mama, pale ukumbini. Sisi wa chuo cha Kampala, tulio na digrii tayari na sasa tunafanya uchunguzi, kila mmoja alipewa dakika tano asimame mbele ya watu. Si waalimu. Watu tu, wauza kahawa, makatekista, akina mama wa sokoni. Uwaeleze ulichunguza nini, ukaona nini, na wao kitawafaa nini. Kwa Kiswahili chepesi, bila madaha ya kitabu.

AULERIA: Na ulieleweka?

RWEZAURA: Usiulize. Kuna mwenzangu wa mambo ya udongo, masikini, alikuwa bado anaeleza udongo ni nini, kengele ikamlilia. Watu walicheka mpaka akasahau kofia yake jukwaani. Lakini mimi walininyamazia kama kanisani. Mzee mmoja alijifuta macho.

AULERIA: Nimesikia.

RWEZAURA: Umesikia kwa nani?

AULERIA: Melkiory wa Ihanda, yule mnunuzi wa kahawa. Alikuwamo ukumbini. Amerudi na lori, na kila lori linaposimama anashuka kukusifu.

RWEZAURA: Kumbe alikuwapo? Anasemaje?

AULERIA: Kwamba mwana wa Ndyamukama alisema wazi hata mtoto wa kunyonya angeshika.

RWEZAURA: Ndicho walichotutaka, mama.

AULERIA: Basi wamepata. Hapa kila mtu ameshika. Rweza, ulianzaje? Neno lako la kwanza lilikuwa lipi?

RWEZAURA: Kama baba alivyonifundisha. Mtu hafungui mdomo mbele ya wazee kabla hajasema yeye ni wa nani. Wenzangu walitaja jina moja moja kama wanaoitwa darasani, nikaona aibu. Mimi nikasema, mimi ni Rwezaura, mwana wa Ndyamukama, Mnyambo wa Kihanga, migomba yetu ni ile iliyo chini ya kisima. Ukumbi mzima ukaitikia.

AULERIA: Wakaitikia.

RWEZAURA: Wakaitikia, mama, mpaka—

AULERIA: Halafu?

RWEZAURA: Halafu nikaingia kwenye uchunguzi wangu. Jinsi watu wanavyouficha uko—

AULERIA: Usiutaje. Yule wa Posta bado yumo kwenye waya.

POSTA: Mimi sisikilizi, mama.

AULERIA: Asante, baba. Endelea. Sema ugonjwa ule.

RWEZAURA: Ugonjwa ule. Nikasema unafichwa majumbani mpaka vidole vinakwisha, wakati siku hizi dawa ipo. Tumeagizwa tutoe mfano mmoja ulio hai, watu wapate kushika. Nikatoa.

AULERIA: Nipe na mimi huo mfano.

RWEZAURA: Mama, wewe huna haja ya—

AULERIA: Nipe kama ulivyowapa wao.

RWEZAURA: (Waya unakoroma.) Nilisema… yuko mama mmoja wa Kihanga, mjane. Anaepua chungu motoni kwa mkono mtupu, na majirani wanamsifu ujasiri. Nikasema si ujasiri. Mkono ule hausikii tena moto.

AULERIA: Ehe.

RWEZAURA: Nikasema ana baka juu ya kifundo, amelifunika kwa bangili pana. Aliyempima alimwambia afumbe macho, akamchoma sindano hapo. Naye yule mama, bado amefumba, akauliza, mbona huanzi?

AULERIA: Hata hilo uliwapa.

RWEZAURA: Hapo ndipo yule mzee alipojifuta macho. Lakini jina sikutaja, mama. Naapa mbele ya kaburi la baba. Tunakatazwa kabisa kumtaja mgonjwa. Nilisema mama mmoja.

AULERIA: Jina langu hukulitaja. Ulitaja lako.

(Waya unakoroma.)

AULERIA: Haloo? Umekatika?

RWEZAURA: Nipo. Kihanga wajane ni wengi, mama.

AULERIA: Ni wengi. Mjane ambaye mwanawe huja likizo na sanduku la sindano ni mmoja.

RWEZAURA: Sikufikiri… Mimi nilijitaja kwa heshima tu. Nilitaka wajue ninatoka wapi.

AULERIA: Walijua. Baba, nilifumba macho kwa sababu ni wewe. Ulisema fumba, mama, nikafumba. Mganga wa serikali alipita hapa mara ngapi, nikampa mkono wa pili uliokuwa mzima? Wewe nilikupa huu. Nilidhani ninampa mwanangu, kumbe ninaupa ukumbi.

RWEZAURA: Nisamehe.

AULERIA: Nitawaambia wanawake wenzangu wa Jumamosi, wale wanaokwenda kusafisha kanisa na ambao watoto wao wako shuleni. Mtoto akirudi na elimu, mpokeeni, mpikieni ndizi, mlazeni. Siri ya mwili msimpe bila kumuuliza ataipeleka wapi. Mimi hilo sikukuuliza.

RWEZAURA: Mama, lakini huo si mwisho. Sikiliza. Kuna vidonge vipya. Si kama zamani, sindano za mafuta na kupelekwa kisiwani. Ukivimeza bila kuruka, unapona. Hata sasa huambukizi kama watu wanavyo—

AULERIA: Sawa. Mimi nitapona.

RWEZAURA: Ndiyo.

AULERIA: Na mdogo wako?

RWEZAURA: Koku? Koku hana kitu. Nilimpima kichwa mpaka nyayo, mzima kabisa.

AULERIA: Hilo nalo uliwaambia ukumbini? Kwamba yule mama ana binti, na binti ni mzima?

RWEZAURA: Nilikuwa nimeliandika, la mwisho. Kengele ikalia kabla sijafika.

AULERIA: Basi hapo walipoishia kukusikia, ndipo walipoanzia kumsema Koku.

POSTA: Karagwe, muda wa kwanza umekwisha. Mnaongeza?

RWEZAURA: Tunaongeza. Mama, walioanzia ni nani? Nani amekuja?

AULERIA: Rwegoshora.

RWEZAURA: Mshenga wa Yustus? Amekuja kutaja siku ya harusi ya Koku?

AULERIA: Amekuja asubuhi hii, na ametoka Nyakatuntu, kwa akina Yustus, kwa baiskeli. Sijawahi kumwona amekuja peke yake. Nikamkaribisha, hakuingia. Nikamletea kahawa ya kutafuna, kwenye kile kikapu kidogo cha bibi yako. Unajua Rwegoshora alivyo na kahawa, anatafuna hata akiwa usingizini.

RWEZAURA: Akakataa?

AULERIA: Aliweka mikono nyuma. Kama mtoto aliyeiba. Alikitazama kikapu, akanitazama bangili, akaangalia migomba.

RWEZAURA: Kukataa kahawa mlangoni kwa mtu… Mama, hata adui hafanyi—

AULERIA: Hakunitukana. Hata shikamoo alinipa, kwa mbali. Kisha akafungua gunia, akatoa lile jembe letu, tulilowapa kuonyesha kwamba tumeikubali posa. Akalilaza kwenye kizingiti. Hakusema neno. Na mimi sikumuuliza.

RWEZAURA: (Waya unakoroma.) Yustus mwenyewe anajua?

AULERIA: Yustus ana baba na baba wadogo. Yeye kujua kunasaidia nini?

RWEZAURA: Nitamwandikia. Hapana, nitamwendea. Kesho tunakuja Karagwe, mama, tunasema tena pale barazani. Nyakatuntu watakuwapo. Nitanyoosha jambo hili mbele yao wote.

AULERIA: Ndilo lililonileta kwenye simu. Nilitembea kuja hapa nikipanga maneno. Nilitaka nikuombe kesho uwaambie kwamba yule mama si wa Kihanga. Ni wa Uganda huko, au wa Biharamulo. Ulikosea kusema.

RWEZAURA: Nidanganye?

AULERIA: Udanganye.

RWEZAURA: Mama, uchunguzi wote umesimama juu ya… Profesa wetu atakuwa amekaa pale mbele. Nikibadili mfano mmoja, atauliza na mingine kama ni ya kweli. Watanifukuza.

AULERIA: Mh.

RWEZAURA: Lakini nitasema. Haya. Nitasema yule si mama yangu. Wanifukuze tu, nitarudi kulima.

AULERIA: Hapana.

RWEZAURA: Umeniomba sasa hivi—

AULERIA: Nimekusikia ukilisema, ndipo nimelisikia na mimi. Kijana anapanda jukwaani, hajaulizwa na mtu, anasema yule si mama yangu. Watu wa Nyakatuntu watafanya nini? Watageuka wanitafute nimekaa wapi.

RWEZAURA: Basi nisiseme kabisa. Nitajifanya naumwa.

AULERIA: Watasema amekamatwa na aibu ya mama yake. Nimeliangalia kila upande, baba. Halina mlango.

RWEZAURA: Na Koku? Koku anasemaje? Mama, Koku amelia?

AULERIA: Koku yumo chumba cha ndani. Ni mwali sasa, hatoki, jua halimgusi. Wiki hizi nampaka samli asubuhi na jioni, anang'aa kama ndizi mbivu. Nimempaka kwa mkono huuhuu.

RWEZAURA: Lakini ameambiwa?

AULERIA: Alisikia sauti ya Rwegoshora nje. Akaniita kupitia ukuta, mama, wamekuja kutaja siku?

RWEZAURA: Ukamjibu nini?

AULERIA: Nilikuwa nimelishika jembe, natafuta pa kulificha.

RWEZAURA: Ukamjibu nini, mama?

AULERIA: Nikasema ndiyo. Akauliza lini. Nikasema kahawa ikishachumwa.

RWEZAURA: Ee Mungu wangu.

AULERIA: Nimemwacha anaimba.

POSTA: Karagwe, samahani. Boma la serikali wanaitaka laini.

RWEZAURA: Ngoja kidogo, ndugu yangu, tafadhali. Mama, usimwambie mpaka nije.

AULERIA: Melkiory ameshawaambia mpaka watoto wanaochota maji kisimani. Kisima kiko nyuma ya ukuta wa Koku. Ikifika jioni ataambiwa na mtu mwingine. Ni mimi leo au ni wao.

RWEZAURA: Basi… sijui.

AULERIA: Nyinyi mmefundishwa kulisema jambo kubwa kwa muda mfupi, hata asiyesoma aelewe. Nipe hayo maneno. Nianze na nini?

RWEZAURA: Mama…

AULERIA: Machache tu. Nitayashika, nitembee nayo mpaka nyumbani.

RWEZAURA: Mwambie… (Waya unakoroma.) Mwambie kwanza kwamba—

POSTA: Bukoba, malizeni.

AULERIA: Kwamba nini? Sema, nakusikia.

RWEZAURA: Sina, mama. Sina maneno.

AULERIA: Haya. Kwaheri, baba. Rudi kwenye chai yako.

RWEZAURA: Mama, subiri, usiende, nita— Haloo? Mama?

POSTA: Ameshaweka chini, bwana.