Priscilla Nyambura, Mwimbaji Asiyetulia

Waombolezaji wapendwa, tunayemuaga leo ni Priscilla Nyambura, mwimbaji wa muziki wa kantri, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1970 huko Ol Kalou, kifungua mimba wa Mzee Eliud na Mama Tabitha, akasoma huko huko hadi kidato cha nne, huku akitoroka masomo ya jioni kwenda kujifunza gitaa kwa fundi wa redio.

Mwaka 1998 alikuja London kusomea uuguzi, akahudumia wodi za wazee, na kila Jumamosi akaimba kwenye baa za Barking, amevaa buti na kofia pana, watu wakicheka kwanza, kisha wakimpigia makofi. Tarehe 17 Agosti 2002 alifunga ndoa na Jotham Wanjohi, hapa Thornton Heath, na tarehe 4 Mei 2004 wakajaliwa binti, Emma, lakini kutulia hakukuweza, hata chai aliinywa amesimama.

Hatutaficha, maana mwenyewe hakuficha, kwamba mwaka 2011 alialikwa kuimba Marekani, akaaga kwa miezi mitatu, akakaa miaka miwili. Aliporudi, Jotham alimfungulia mlango akasema, "Ingia, chakula kinapoa," lakini Emma alipanda ngazi bila salamu, na tangu hapo akawa anamjibu mama yake kwa Kiingereza tu, maneno mawili matatu.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, hospitalini hakukalika, nyumbani kitanda kikamchosha, basi Emma akawa anamzungusha kwa gari. Jumapili, tarehe 23 Machi 2025, walifika Brighton, mji wa pwani, Emma akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mama, tumefika, shuka." "Mbele kidogo," akajibu, kisha akamwomba amwimbie ule wimbo aliomtungia akiwa Marekani, ambao Emma alikuwa amekataa hata kuusikiliza. Kumbe maneno yote Emma aliyajua, akauimba. Wakiwa njiani kurudi, Emma akiuimba tena, pumzi ya mama ilikatika, Emma akasimamisha gari kando, akamshika mkono, akaumaliza wimbo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa Thornton Heath, wafanyakazi wenzake wa wodini, wanabendi wake, na Bi Nishma wa Rayners Lane aliyemshonea mavazi ya jukwaani.

Priscilla, dada yetu, kupumzika hukuwahi kukujua, leo basi, pumzika kwa amani.