Mjomba wa Pembeni na Matairi ya Mbavu Ngumu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufunga, kufungua, kuziba na kusawazisha matairi ya watu, fundi mkuu wa karakana yetu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Humu ndani hakuna anayemwita kwa jina la kwenye kitambulisho. Ni Mjomba. Wateja wanamwita Mjomba, mlinzi wa getini anamwita Mjomba, na hata yule bibi muuza maua wa duka la jirani, ambaye kwa umri angeweza kumlea, anamwita Mjomba bila kuona haya. Mimi nimesimamia kaunta ya mauzo kwa karibu miaka yote hiyo, tai shingoni, na wateja wananiita "samahani kaka".

Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu ikisema kwamba mimi ndiye ninayemjua zaidi. Ni kweli, ila hawakutaja sababu. Mimi ndiye niliyemwonea wivu zaidi, na mwenye wivu humchunguza mtu kuliko hata mkewe anavyomchunguza. Mtaani wanasema mwenye wivu ajinyonge. Nimefikiri nikaona afadhali niandike.

Mjomba alianza kwenye beseni la pancha, kazi ya kuzamisha tyubu majini na kutazama mapovu yanatokea wapi. Ni kazi ya kulowa mikono kutwa, na wengi walioanza naye waliikimbia. Yeye aliimba. Akapanda kwenye jeki, kisha kwenye mashine ya kusawazisha magurudumu, kisha akawa fundi mkuu, na katika muda wote huo hakuna gurudumu lililotoka mikononi mwake likarudi limelegea. Ovaroli lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ya miguuni. Mkewe ni mshonaji, na nadhani alimvalisha hivyo makusudi ili sisi wengine tuonekane tumeokotwa jalalani.

Lakini kilichomfanya awe Mjomba ni ule utaratibu wake wa kukaa pembeni. Mteja akija kuuliza anunue tairi gani, mimi nilimfungulia brosha. Mjomba alimwomba wapande gari. Alikaa kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti, akamwambia mwenye gari ampeleke njia anayopita kila siku: kazini, shuleni kwa watoto, sokoni, popote. Njiani hakuzungumzia matairi hata kidogo. Aliuliza habari za wazazi, nani anabebwa nyuma, mvua ikinyesha wanapitia wapi. Wakirudi, anashuka, anataja tairi moja, basi. Mteja alinunua hilo hilo bila kuuliza swali, na wiki inayofuata akamletea mayai au chupa ya asali. Mimi kwa huduma yangu iliyotukuka nimepokea kalenda.

Niliwahi kusema kwenye kikao kwamba utaratibu huo unatupotezea muda. Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa uzito, nikajua leo nimeeleweka. Jioni ile nikamwona yuko barabarani anaendesha, na Mjomba yuko pembeni yake, wanacheka.

Naomba niseme na la mama mkwe, maana roho yangu haitatulia mpaka nilitoe. Mama mkwe wangu mwenyewe, aliyenipa binti yake, alikuja hapa na gari lake asubuhi moja. Nilisimama kaunta nimenyoosha tai, tayari kumpokea kwa heshima zote. Alinisalimu vizuri, akaniuliza hali ya wajukuu, kisha akauliza kama Mjomba yupo. Walizunguka mji mzima. Aliporudi alikuwa na matairi mapya na maoni mapya kuhusu jinsi ninavyomtunza binti yake, na mpaka leo sijui waliongea nini humo ndani.

Sehemu moja tu nilikuwa na hakika kwamba ninamzidi, nayo ni matairi ya mbavu ngumu. Kwa wasiofanya kazi hapa, haya ni matairi ambayo ubavu wake umetengenezwa mnene na mkakamavu, kiasi kwamba hata upepo ukiisha wote gari haliketi juu ya ringi. Unaendelea taratibu mpaka ufike kwa fundi. Tairi la kawaida likiishiwa upepo unashuka, unatafuta jeki, unachafuka. Hivi vigari vidogo vya mbio, vya watu wawili, vingi vinakuja na mbavu ngumu kutoka kiwandani, na kwenye buti havina hata nafasi ya tairi la akiba.

Mimi niliyapenda tangu brosha ya kwanza. Mjomba aliyachukia tangu tairi la kwanza. Alisema ni mazito, yanaruka kwenye kila kokoto, na yakishatembea bila upepo mara nyingi hayazibiki tena, ni ya kutupa. Alisema mtu amenunua kigari chepesi ili kicheze barabarani, halafu unamvalisha mabuti ya askari. Mimi nilimjibu kwa ile methali ya "tahadhari kabla ya hatari". Yeye alinijibu kwa ile ya "raha jipe mwenyewe". Akanibandika jina la Profesa Brosha, na kwa kuwa lilitoka kwake, karakana nzima ililidaka siku ile ile. Nami nilikuwa nimemtungia la kwake, zuri kuliko hilo, ila halikushika.

Ubishi huo ulizaa kosa ambalo bado linasimuliwa wakati wa chai. Mkurugenzi alinunua kigari cha namna hiyo, chekundu, akatukabidhi tukichagulie matairi. Tulibishana siku nzima. Mwishowe, kama watoto waliogombea kitanda, tuligawana: mbele tukafunga mbavu ngumu, nyuma tukafunga ya kawaida. Mjomba alifunga ya kwake, nami nilisimamia ya kwangu, na hakuna kati yetu aliyetaka kusema kile ambacho kila fundi anakijua, kwamba matairi hayo hayachanganywi kwenye gari moja. Mkurugenzi alifika kwenye mzunguko wa kwanza tu akarudi. Alisema mbele inataka kwenda ofisini na nyuma inataka kwenda nyumbani. Tulifungua yote manne mbele ya wafanyakazi wote, mimi na tai yangu, yeye na ovaroli lake lililopigwa pasi. Hata hapo watu walimcheka Mjomba kwa upendo. Mimi walinicheka tu.

Sasa nifike kwenye jambo la mwezi huu. Mjomba alikuja kazini na kigari chake mwenyewe. Kidogo, cha rangi ya manjano, viti viwili, kimechakaa kidogo lakini sauti yake ni ya kijana. Alisema amekinunua kwa ajili ya ustaafu, ampakie mkewe kila Jumamosi wapande mlimani kwa binti yao aliyeolewa huko. Karakana ilisimama. Mlinzi aliacha geti wazi. Mimi nilibaki kaunta najifanya napanga brosha, na kwa kijicho nikazipanga zile zile mara tatu. Nimeendesha gari la familia la milango minne maisha yangu yote, na nyuma kuna makombo ya biskuti ya watoto ambao sasa wameshaoa.

Matairi ya kigari kile yalikuwa mbavu ngumu za zamani, zimekwisha. Kila mtu alijua kitakachofuata: Mjomba atazitupa, atafunga ya kawaida, na hotuba itakuwepo. Badala yake alikuja moja kwa moja kaunta, akaweka ufunguo mbele yangu, akaniambia nikae pembeni nimchagulie. Alisema kinyozi hajinyoi. Mafundi walicheka wakidhani ni utani wa kuagana. Mimi nilivua tai, sijui kwa nini, nikapanda.

Alinipeleka ile njia ya mlimani. Ukishapita kiwanda cha matofali nyumba zinakwisha, na kinachobaki ni mawe upande mmoja na mtaro upande mwingine. Nilikaa na mikono juu ya magoti, kama nilivyomwona akifanya. Ni kweli tuliruka kwenye kila kokoto. Aliniuliza hali ya mama mkwe, nikasema hajambo. Kisha nikaona mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwa vimelala juu ya usukani, havikuushika. Kila kona aliisukuma kwa kiganja, na kazi ya kushika aliifanya kwa mkono wa kushoto.

Ndipo nikakumbuka kwamba kwa muda mrefu sasa Mjomba haimalizii nati ya mwisho. Huanza yeye, kisha humwita yeyote aliye karibu na kumwambia amalizie, eti mwenye meno ndiye wa kula mfupa. Sisi tulisema ana roho nzuri, anawapa wengine nafasi. Mimi nilisema anatafuta sifa. Kumbe mkono ulikuwa umekataa, baada ya miaka yote hiyo ya kubana na kubandua, naye aliuficha kwa utani kwa sababu fundi wa matairi asiyeweza kubana nati anaona haya kuliko mwizi.

Tulisimama juu, penye nafasi ya kugeuzia. Alishuka kwa kushika mlango, akaangalia bonde. Nami nikawa nafanya hesabu ambayo yeye alikuwa amekwisha kuifanya. Pancha ikitokea hapa, na mkewe yuko kwenye kile kiti nilichokalia, Mjomba hana mkono wa kufungua gurudumu. Atasimama kando ya barabara na ujuzi wake wote, akisubiri apite mtu wa kumwomba msaada. Kwa gari hili, kwa njia hii na kwa mtu huyu, tairi sahihi lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu.

Nimeingoja siku ya kumshinda Mjomba tangu nilipokuwa na nywele. Ilipofika niliitazama, nikatamani angekuwa na mkono wa kunishinda nao. Nilimwambia mbavu ngumu. Sikueleza sababu, naye hakuuliza. Alisema alijua nitasema hivyo, kwa sababu Profesa Brosha ni mbishi tangu tumboni mwa mama yake. Hapo nikaelewa kwa nini alinichagua mimi. Mwingine yeyote angelitaja tairi hilo, watu wangemuuliza kulikoni. Nikilitaja mimi, watasema ni yale yale. Alihitaji jibu langu, na alihitaji sana ubishi wangu wa kulifunika.

Tuliporudi alitangaza mbele ya wote kwamba ameshindwa. Watu walinipigia makofi, na kwa mara ya kwanza hapa kazini makofi yalikuwa yangu peke yangu. Nilipiga magoti nikayafunga yale matairi manne mwenyewe, nikamalizia kila nati, na ile taa ya kwenye dashibodi inayoonya upepo ukipungua nikaijaribu mara mbili, maana kwa mbavu ngumu mtu anaweza kupata pancha asijue. Mjomba alisimama juu yangu akikosoa ninavyoshika spana. Alikuwa na haki ya kukosoa.

Habari za mkono huo nilimsomea mwenyewe nyumbani kwake kabla ya kuzipeleka kwa mpiga chapa. Nilikuwa tayari kuzifuta. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ziache, mkono ameumalizia hapa hapa kazini wala hakuuazima kwa mtu, na watu wa karakana yake wakijua si mbaya, mradi wasijue kabla ya sherehe ya kuagana. Kisha akasema wivu wangu nimeupunguza mno, ulikuwa mkubwa zaidi ya hapo. Mkewe, aliyekuwa akipima kitambaa mezani, alisema wao wameuona tangu siku ya kwanza na wakauzoea.

Kwa hiyo, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, tunamshukuru Mjomba kwa kila gurudumu alilolifunga na kila mtu aliyemfundisha kulifunga. Tunamshukuru mkewe kwa yale maovaroli, ingawa yalituumiza. Kwa niaba yangu mwenyewe naongeza neno moja. Jumatatu ijayo nitasimama pale kaunta, na kwa mara ya kwanza hakutakuwa na mtu wa kumwonea wivu humu ndani. Nimewatazama wote waliobaki, mmoja mmoja, na hakuna anayefaa.

Maisha yawe mema kwako, Mjomba, na kwa huyo atakayekaa pembeni yako. Ukipata pancha kule mlimani, usisimame. Endelea taratibu mpaka mlangoni kwa binti yako, uingie ndani, ukae, unywe maji. Kisha unipigie simu mimi. Usimpigie mwingine.