Mama Rhoda wa Sindano Kavu Anapumzika

Kwa wote mliokusanyika kwenye zahanati yetu hapo Kilole, salamu nyingi kutoka wodini huku hospitali. Mzee Habakuki, mume wa Mama Rhoda, shikamoo, na pole na mguu. Edna binti yao, hujambo mwanangu, na wajukuu, yule mkubwa na yule anayeota meno. Mganga mfawidhi, shikamoo. Na wewe Denis unayewasomea haya, usikimbie maneno. Sisi huku tupo, Mungu anatusaidia, ila tumechoka. Baba Shamimu anawasalimu. Mwanetu Shamimu naye anawasalimu, amelala kwa ubavu maana akilala chali pumzi inambana. Mimi ni Chausiku, mpishi wenu wa chai. Mlinichagua kuandika wasifu huu kabla hatujapewa kitanda, basi nauandikia magotini. Mwandiko mtanisamehe.

Mama Rhoda anastaafu leo Jumanne, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na nne kazini. Alizaliwa kambi ya mkonge, baba yake mkata mkonge. Alianza Handeni akiwa mhudumu wa kufua mashuka ya wagonjwa, akasomea uuguzi, akahamishiwa huku Korogwe. Wachina walipokuja kufundisha tiba yao ya sindano, wenzake waliogopa, yeye akaenda. Alirudi na kikopo cha sindano nyembamba kama unywele. Akaanza kwa wenye migongo na wasiopata usingizi, mpaka wenye rovu, huo uvimbe wa shingo, nao wakamfuata.

Shida ilikuwa kueleweka. Huku kwetu ngozi ikitobolewa lazima kitu kiingie, ama dawa ya hospitali kwa bomba, ama unga wa mganga unaopakwa kwenye chale. Mzee Sadala muuza ndizi alichomwa, akamaliza muda wake, akagoma kushuka kitandani. Akauliza kama dawa imeisha stoo au anabaniwa yeye tu. Alipoambiwa ndani ya sindano hamna kitu, akatoka nje kuwatangazia wenzake kwamba huyu mama anachoma sindano kavu. Jina likamganda, na ukimwita hivyo anaitika.

Lakini sindano kavu hiyo nusura imtoe mtu roho. Binti mmoja wa Misima, Mwatumu, alichomwa kandokando ya rovu lake akarudi nyumbani. Bibi yake akaona vitobo vitupu, akamhurumia mjukuu kwamba tiba imeachwa nusu. Akasaga unga wake mweusi akausugua kwenye kila kitobo, kama chale. Shingo ikaumuka, usaha ukatunga, homa ikapanda. Mama Rhoda alipanda bodaboda mpaka Misima kumchukua mtoto, akampeleka hospitali mwenyewe. Binti alipopata nafuu, Mama Rhoda akarudi tena Misima, safari hii kwa ajili ya bibi. Wengine tulidhani anakwenda kugomba.

Akaketi jikoni kwa yule bibi, akajichoma sindano mkononi mwake, akaiacha imesimama. Bibi akamwambia, "Kama hamna kinachoingia, mjukuu wangu umemtobolea nini?" Mama Rhoda akamjibu, "Bibi, mimi nilimfundisha mtoto, nikakusahau wewe unayemlea. Kosa ni langu."

Tangu siku hiyo akaweka utaratibu wake: mwenye rovu haguswi mpaka aje na mtu anayempikia. Huyo mpishi ndiye anayeelezwa vitobo visipakwe kitu, chumvi inunuliwe yenye madini joto, na vidonge vya hospitali visiachwe eti kwa sababu kuna sindano. Na kipimo cha damu kwanza. Asiyepima alirudishwa, hata awe ndugu yake. Wanaume walilalamika kuburutwa na wake zao kama watoto wa chekechea. Akawaambia wanaojua kupika waje peke yao. Hajaja hata mmoja.

Mimi nilikuja kama mpishi wa mgonjwa pia, wa Shamimu wangu. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, usiku hafumbi macho, nami sifumbi. Sindano zikampa usingizi. Nikaanza kuona kama na shingo inapungua, kumbe ni macho ya mama. Mama Rhoda akanishika mkono kule nyuma ya jiko, chai inachemka. "Chausiku, mtoto analala, hilo tumelipata. Rovu halijasogea, na sasa linasukuma koo. Nikiendelea kumchoma nitakuwa nakudanganya. Hili ni la kisu."

Nililia mpaka chai ikamwagika jikoni. Ila nawaambia, kwa kazi zake zote, mimi hiyo naiweka juu. Wangapi wangeendelea kutuchoma tu, maadamu tunakuja na tunashukuru?

Mama Rhoda, sasa nasema na wewe mwenyewe. Asante kwa mikono yako. Asante kwa Mwatumu, ambaye nasikia ameolewa na ana mtoto. Nenda ukapalilie mihogo yako Kwaluguru, ulale mpaka jua litoke, mtu asikugongee dirisha tena. Mungu akupe uzee mtamu, wewe na Mzee Habakuki.

Ila nina ombi moja, na ningekuwa na nguvu ningeliacha. Shamimu anapasuliwa Alhamisi asubuhi. Daktari ameeleza vizuri, baba yake amekubali, mimi nimekubali, na yeye anajua kwamba akikaa hivi atakosa pumzi. Bado anakataa. Jana kageukia ukutani akasema, "Mama Rhoda ndiye aliyesema kisu. Basi asimame mlangoni, nami nitaingia." Najua leo ndiyo siku yako ya kwanza ya kupumzika, nami nakuita kazini. Usiniandikie, barua itachelewa. Nipigie kwa simu ya Baba Shamimu, leo hii kabla wageni hawajanawa mikono, useme neno moja tu, nakuja au siji, maana mtoto anaitazama simu tangu alfajiri.